Unataka Baiskeli ya Changarawe? Pima Namba Hizi Kabla Hujanunua Fremu wala Foko

Lami ya Singida kwenda Nzega inapita Igunga mjini. Ukiiacha na kuingia ndani kuelekea Choma cha Nkola na vijiji vya jirani, unakutana na barabara zenyewe za Tabora: changarawe, mchanga, makorongo, na kwenye mbuga udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka na masika unageuka gundi.

Huko Ulaya na Marekani watu wanalipa hela ndefu kununua baiskeli maalumu kwa njia za namna hii. Wanaziita baiskeli za changarawe. Kule Emporia, Kansas, kuna mashindano yake tangu 2006, mbio kuu zikiwa kama kilomita 320 kwa siku moja. Jirani zetu Kenya nao wana Migration Gravel Race ya Maasai Mara tangu 2021. Sisi barabara tunazo tayari, tena bure.

Na mizigo kwenye njia hizi si jambo jipya. Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na Burton na Speke walipofika Kazeh Novemba 1857 walikuta mji wa wafanyabiashara tayari. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa karibu kilo 30 begani au kichwani. Leo mzigo uko kwenye keria: gunia la mkaa, madumu ya maji, mtoto anayepelekwa shule. Ndiyo maana makala hii siiandiki kwa ajili ya mashindano peke yake. Foko ikikatika, anayeanguka si dereva tu.

Siku hizi vijana wengi wanajiundia baiskeli. Unapata fremu ya mtumba, foko kutoka baiskeli nyingine, ringi kwa fundi, breki mnadani. Kitu kinasimama, kinapendeza, picha inaenda WhatsApp. Wiki ya pili gurudumu linasugua fremu, au usukani unacheza, au breki hazigusi ringi. Hela imeshaenda.

Tatizo karibu kila mara ni lilelile. Watu wananunua fremu kwanza kwa kuangalia rangi, halafu ndiyo wanatafuta vya kuingiza. Fanya kinyume. Anza na gurudumu na foko, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyoamua fremu gani itakufaa.

"28" ziko mbili, usiingie mkenge

Hapa nimeumia mwenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo. Niliwahi kununua tairi jipya la 28 kwa ajili ya ringi ya 28. Tairi likagoma kukaa. Fundi akalivuta kwa spana mbili, likaingia upande mmoja, upande wa pili likaruka. Tukabadilisha tyubu tukidhani ndiyo tatizo. Mwisho mzee mmoja pale kijiweni akainama, akasoma namba ndogo ubavuni mwa tairi, akacheka.

Namba kubwa za inchi usiziamini. Tafuta namba ndogo yenye kistari katikati, kama 40-635 au 40-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi. Hiyo ya pili lazima ifanane na ringi kabisa, haina "karibu sawa".

Baiskeli zetu kubwa za mizigo, akina Phoenix, Avon, Hero na Raleigh za zamani, kwa kawaida zinatumia 28 x 1 1/2, ambayo ni 635. Baiskeli za changarawe na za mbio zinatumia 622, na nazo huandikwa 28 au 700C. Hata zile mauntini kubwa zinazoitwa 29 ni 622 hiyohiyo. Tofauti ya 635 na 622 ni milimita 13 tu, lakini inatosha kukuharibia siku.

Kwa 26 mchezo ni uleule. Mauntini za kawaida zenye tairi la 26 x 1.95 au 26 x 2.125 ni 559. Lakini 26 x 1 3/8 ni 590. Kanuni ya haraka ukiwa dukani: namba yenye nukta na namba yenye sehemu, kama 1.75 na 1 3/4, hesabu ya darasani inasema ni sawa, ila tairi zake si sawa. Kuna pia 584, ambayo huandikwa 27.5 au 650B.

Kabla ya kununua ringi hesabu na matundu ya spoku. Baiskeli nyingi za mizigo zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Mauntini nyingi zina 36 kote. Habu ya matundu 36 huwezi kuisuka kwenye ringi ya 40, na fundi akikwambia ataruka matundu manne, mshukuru kisha uondoke. Kwa anayebeba mzigo, 40 nyuma ni neema. Ukiipata usiiachie.

Foko: hapa usifanye masihara

Foko ni ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Ina bomba linaloingia ndani ya fremu na kupanda hadi kwenye usukani. Hapa nitaliita shingo ya foko. Mambo ya kupima ni haya.

Cha kwanza ni unene wa shingo kwa nje. Baiskeli za zamani na za mizigo zina inchi moja, yaani milimita 25.4. Mauntini nyingi na baiskeli za changarawe za miaka ya karibuni zina inchi 1 1/8, yaani milimita 28.6. Nyingine mpya zaidi shingo ni nyembamba juu na nene chini, inafika inchi moja na nusu.

Hapa kuna siri moja inayookoa hela. Foko nyembamba inaweza kuingia kwenye fremu ya bomba pana, kwa kutumia vikombe maalumu vya kupunguza. Foko nene haiingii kwenye fremu ya bomba jembamba kwa namna yoyote. Kwa hiyo ukishikwa na foko mkononi na hujui fremu itakuwa ipi, nyembamba ina matumaini, nene haina.

Lakini nikisema vikombe vya kupunguza namaanisha vile vilivyochongwa kiwandani. Nimeona watu wanakata bati la kopo na kulizungushia shingo ili ijae. Usukani unakaza vizuri siku hiyo. Baada ya mwezi wa kuruka matuta bati limeliwa, gololi zimepasua vikombe, na shingo inacheza ndani ya fremu kama mchi kwenye kinu.

Cha pili ni thredi. Shingo za kizamani zina thredi juu, na vikombe vinakazwa kwa nati. Kishikio cha usukani kinaingia ndani ya shingo, unene wake milimita 22.2 kwa shingo ya inchi moja. Shingo za kisasa hazina thredi, kishikio kinabana kwa nje. Hizi familia mbili hazichanganyiki. Ukinunua foko isiyo na thredi ujue umenunua pia vikombe vipya na kishikio kipya.

Hata ndani ya zile zenye thredi kuna mtego. Kawaida ni nyuzi 24 kwa inchi, lakini Raleigh za zamani za Nottingham zilikuwa na 26. Nati inaingia mizunguko miwili halafu inakaza. Fundi mwenye nguvu ataisukuma hivyohivyo. Usimruhusu, maana anatengeneza thredi mpya kwa kuua ile ya zamani, na nati hiyo ndiyo inayozuia foko isicheze.

Tatu, urefu wa shingo. Pima bomba la mbele la fremu kutoka juu hadi chini, ongeza unene wa vikombe vya juu na chini. Kwa vikombe vya thredi mara nyingi ni kama sentimita tatu na nusu hadi nne. Shingo ndefu unaweza kuikata. Shingo fupi huwezi kuirefusha. Kuchomelea kipande cha bomba kwenye shingo ya foko ni jambo la kukataa hata ukipewa bure, na hapa kwetu kuchomelea ndiyo jibu la kila kitu, kuanzia jembe hadi trela.

Nne, urefu wa miguu, yaani kutoka pale ekseli inapokaa hadi pale foko inapoanza kugusa vikombe vya chini. Foko ngumu ya baiskeli ya changarawe huwa karibu na milimita 395. Foko ya shokapu ya mauntini ya 29 inaweza kufika 500. Ukiichomeka kwenye fremu iliyotengenezwa kwa foko fupi, pua ya baiskeli inapanda, kiti kinalala nyuma, usukani unakuwa mzito na mlegevu kwenye mwendo mdogo. Kadirio la mafundi ni kwamba kila milimita 20 zinazoongezeka zinalaza baiskeli kwa karibu digrii moja. Milimita kumi si tatizo. Mia moja ni baiskeli nyingine kabisa.

Na ukiweka foko fupi kupita kiasi? Pedali zinashuka na kugonga mawe, na kwenye kona kidole cha mguu kinagonga tairi la mbele. Wanaoendesha na kandambili wanalijua hili.

Halafu shokapu zenyewe. Zile za bei rahisi zinazouzwa na mauntini za dukani mimi sizipendi kwa huku kwetu. Zina uzito, vumbi la kiangazi linaingia, na baada ya msimu zinakwama, unabaki na foko ngumu yenye uzito wa shokapu. Foko ngumu ya chuma yenye miguu iliyopinda mbele kidogo inanesa yenyewe. Ongeza tairi pana lenye upepo wa wastani, mikono haitauma.

Ukinunua foko ya mtumba, ikague juani. Pitisha kidole pale miguu inapokutana na shingo. Rangi iliyopasuka mstari mwembamba, kutu inayotoka ndani, au mkunjo mdogo kama ngozi ya kiwiko kwenye bomba, hayo ni mavunio ya ajali iliyopita au inayokuja. Itazame kwa ubavu pia: miguu yote miwili inapaswa kulala mstari mmoja. Chuma kwa kawaida kinapinda kabla ya kukatika, kwa hiyo kinakupa taarifa. Aluminiamu inapasuka kimya kimya. Kaboni ikishaumia ndani inaweza kukatika ghafla, na huku mtaani hatuna kifaa cha kuona ndani yake. Kwa foko ya mtumba ya kaboni ambayo hujui imetoka wapi, jibu langu ni hapana.

Fremu: angalia nafasi, siyo rangi

Chukua gurudumu lako na tairi lililojaa upepo, liingize kwenye fremu. Kati ya tairi na bomba kila upande, na juu pale kwenye kiungo, kidole chako cha shahada kipite bila kusukumwa. Kwa lami hiyo ni nafasi nyingi mno. Kwa mbuga za Igunga ni ya lazima, maana udongo mweusi ukilowa unabeba nyasi na mawe madogo, unajaa pale nyuma ya pedali, na gurudumu linasimama kabisa. Utabeba baiskeli badala ya ikubebe. Wengi masika wanatoa madigadi kwa sababu hiyohiyo.

Kisha pima upana kati ya midomo miwili ya nyuma, pale ekseli inapoingia. Baiskeli za mizigo zisizo na gia huwa kati ya milimita 110 na 120. Baiskeli za mbio za zamani zenye gia sita au saba nyuma ni 126. Mauntini nyingi ni 135. Baiskeli mpya za changarawe zina ekseli nene ya milimita 12 inayopenya pande zote, na upana wa 142 nyuma na 100 mbele.

Fremu ya chuma unaweza kuipanua kidogo, tuseme kutoka 120 hadi 126, fundi mzuri anaifanya kwa uangalifu na midomo inabaki sambamba. Aluminiamu usiipanue hata milimita mbili kwa nguvu. Kaboni usiiguse.

Mbele pia pima. Baiskeli nyingi za mizigo zina foko yenye nafasi pungufu ya milimita 100, na habu ya mauntini ni 100. Watu wanapanua kwa mikono, inaingia, lakini miguu inabaki imetanuka na ekseli inavutwa upande. Afadhali utafute habu ya kipimo chake.

Angalia na mdomo wenyewe umeelekea wapi. Ukiwa umelala, gurudumu linaweza kusogezwa mbele na nyuma kukaza cheni, na hapo unaweza kuendesha bila gia. Ukiwa wima, gurudumu halisogei, kwa hiyo cheni lazima ikazwe na mkono wa gia au kifaa cha kukazia. Wengi wananunua fremu nzuri ya mauntini wakitaka kuifanya ya gia moja, halafu cheni inaruka kila tuta.

Tundu la chini linalopokea ekseli ya pedali nalo lina ukoo wake. Lililo rahisi kupata vipuri ni la upana wa milimita 68, lenye thredi ndani, kipenyo kama milimita 34. Kumbuka upande wa cheni unafunguka kinyume, yaani kwa kuzungusha kama unakaza. Fremu nyingi zimeharibiwa na mtu asiyejua hilo. Raleigh za zamani zina thredi yao tofauti, nyuzi 26, hivyo vikombe vya kawaida haviingii. Baiskeli za bei nafuu zenye krenki ya kipande kimoja zina tundu kubwa la milimita 51 lisilo na thredi. Fremu mpya nyingi zina tundu la kusukumia beringi kwa presi, na kama presi hiyo haipo karibu na wewe, fremu hiyo si yako.

Breki zinaamua zaidi ya unavyodhani

Breki za fimbo za baiskeli za mizigo zinavuta juu na kubana ringi kwa upande wa ndani, ule unaotazama spoku. Zinahitaji ringi ya umbo lake maalumu. Ukibadilisha ringi kuwa ya aluminiamu ya 622, fimbo zote hazina kazi tena. Hiyo ni bajeti ya breki mpya mbele na nyuma, weka hesabu mapema.

Breki za kubana pembeni, zile ndefu za mauntini, zinakaa kwenye vijiti viwili vilivyochomelewa kwenye foko na fremu. Vijiti hivyo vimewekwa kwa saizi moja ya ringi. Fremu ya 559 ukiitia gurudumu la 622, ringi inapanda juu kwa milimita 31 na nusu, mpira wa breki unabana spoku na hewa. Ndiyo maana kubadilisha 26 kuwa 29 kwenye mauntini ya zamani mara nyingi kunakwama hapo, hata kama tairi limeingia.

Breki za diski hazijali saizi ya ringi, na masika zinafanya kazi vizuri kwenye tope. Lakini foko lazima iwe imetengenezwa kwa ajili yake, na habu pia. Diski inavuta mguu wa kushoto wa foko kwa nguvu kubwa. Kuchomelea kishikio cha diski kwenye foko ya kawaida ni kuukata mguu huo polepole. Ukienda na diski, chagua ya waya badala ya mafuta. Waya unapatikana hata kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Mafuta yake yako aina zaidi ya moja, hazichanganywi, na ukikosea mipira ya ndani inavimba.

Na lile fimbo la mkono la breki nalo lioane na breki yake. La mauntini linavuta waya mrefu, la breki fupi za zamani linavuta waya mfupi. Ukichanganya, ama breki inakuwa ngumu kama jiwe, ama inafika kwenye usukani bila kushika.

Cheni na gia, kwa kifupi

Baiskeli isiyo na gia inatumia cheni pana ya 1/8. Za gia zinatumia nyembamba, 3/32 au pungufu. Cheni pana haiingii kwenye gia. Gia sita, saba na nane zinashirikiana cheni moja, na huo ndio ukanda wa kukaa ukiwa mbali na mji. Ukifika gia kumi na zaidi, kila kampuni ina vipimo vyake vya kuvuta waya, na kipuri kimoja kikifa utasubiri basi la kutoka Dar.

Vifaa vya Shimano vya gia nane vya mbio na vya mauntini kwa kawaida vinaelewana. Swichi ya zamani isiyo na vituo, ile unayoisogeza mwenyewe mpaka usikie cheni imekaa, inaelewana na karibu kila kitu. Wengine wanaiona ya kishamba. Mimi naiona ya Choma.

Vidogo vingine vya kupima njiani: pedali nyingi ni 9/16, ila za krenki ya kipande kimoja ni 1/2, na ya kushoto siku zote inakazwa kinyume. Bomba la kiti linatofautiana kwa milimita 0.2 tu kati ya fremu na fremu, kwa hiyo nenda na la zamani mkononi. Tundu la valvu kwenye ringi liwe na ukubwa wa valvu ya tyubu unayoipata kwako. Na hizi tairi zisizo na tyubu zenye maji ya kuziba ndani, kwa miba yetu zingefaa sana, lakini maji hayo yanakauka na dukani hayapo. Tyubu nene na viraka vinatosha.

Miunganiko inayokubali

Ya kwanza ni fremu ya baiskeli ya mizigo na foko yake yenyewe, ukabadilisha magurudumu tu kuwa 622 yenye tairi la milimita 40. Ringi inashuka milimita sita na nusu, nafasi inaongezeka, tope linapita. Utatafuta breki zenye mikono mirefu na habu za upana mdogo. Itakuwa nzito, maana ikiwa nzima inakaribia kilo 20, lakini imetulia, na hakuna fundi kati ya Igunga na Tabora asiyeijua.

Ya pili, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu wa kwetu, ni mauntini ya zamani ya chuma ya 26 yenye foko ngumu isiyo na shokapu. Zinakuja kwenye mitumba na watu wanazidharau kwa sababu hazina shokapu. Shingo 1 1/8 au inchi moja, nyuma 130 au 135, tundu la pedali la thredi, vijiti vya breki vipo, na tairi za 559 zinauzwa mpaka gulioni. Ina nafasi ya tairi pana, na nyingi zina matundu ya kufungia keria. Toa tairi zake zenye meno makubwa, weka za meno madogo za 1.75 au 1.95, utaona mwendo.

Ya tatu ni fremu mpya ya changarawe kutoka nje, ekseli nene, diski, shingo nene chini. Ni nzuri, sibishi. Ila foko yake haina mbadala hapa, ekseli ikipotea huna kitu, na nyingi hazikutengenezwa kubeba gunia. Kama unashindana, sawa. Kama Jumamosi unapeleka mpunga mashineni, hapana.

Ukishakubaliana na muuzaji, usilipe bado. Ingiza foko kwenye fremu palepale, hata bila kukaza, weka gurudumu, simama nyuma na utazame kama tairi la mbele na la nyuma yako mstari mmoja. Bana breki ya mbele kama ipo na usukume baiskeli mbele na nyuma huku mkono mwingine umeshika vikombe vya chini. Ukisikia tik-tik kwenye kiganja, vikombe vimelegea au vimekufa. Mwambie avikaze mbele yako. Akikaza na tik-tik ikabaki, mrudishie foko yake.